Masta ya utawala wa umma nikiwa kazini hapa Mombasa: nianze au ningoje?

BintiTudor

Assalam aleikum na habari zenu nyote. Naomba mnishauri, hasa nyinyi mliosoma hii kozi ama mnaofanya kazi serikalini. Nina digrii ya sosholojia, niko serikali ya kaunti upande wa mapato, ngazi ya kazi grupu K, na kwa muda sasa nafikiria sana kufanya masta ya utawala wa umma, hii MPA. Mume wangu aniunga mkono lakini yeye ni mtu wa shifti bandarini, usiku mwingine hayupo, na watoto bado wadogo, kwa hivyo nikisema naanza yataka niwe najua naanza nini.

Sababu yangu si cheo peke yake, ingawa cheo nakitaka na sioni haya kusema. Kazi yangu ni kukaa na wafanyabiashara wa sokoni na wa maduka, nawatolea bili ya leseni, wanalipa kwa simu, naona malipo yameingia kwenye mfumo, basi. Sasa mama wa mboga akiniuliza "mwanangu hizi pesa zetu huenda wapi, mbona choo cha soko hakina maji", sina la kumjibu. Si kwamba nimefichwa, ni kwamba sijui pesa ikishaingia kule yafuata njia gani mpaka irudi iwe maji. Nikiuliza wakubwa naambiwa hayo ni ya watu wa bajeti. Mimi nataka kuwa mtu anayejua, na siku moja niwe mtu anayekaa pale yanapoamuliwa.

Maswali yangu ni kama ifuatavyo, MPA na MBA, ile masta ya biashara, ipi itanifaa maana wenzangu wengi ofisini wanafanya MBA, halafu je masomo ya jioni na wikendi mtu huyamudu na kazi na nyumba, na hiyo thesisi nasikia watu wanamaliza klasi lakini hawagraduwet, kuna ukweli? Na pesa nazo, maana fiizi ya masta si ya kuchezea. Shukran.

Kisauni_Kwetu

Wa aleikum salaam dadangu. Mimi kazi yangu ni mambo ya wafanyakazi serikalini kwa hivyo nitajibu upande huo tu, ya darasani nawaachia waliosoma.

Kabla hujalipa hata pesa ya fomu, nenda masijala ama kwa HR wako uitishe skimu ya utumishi ya kada yako. Uisome yote. Ile karatasi ndio inasema kila grupu yataka nini, miaka mingapi, cheti gani, kozi gani fupi. Kwa kada nyingi ukiwa K kupanda mpaka N unaangaliwa zaidi digrii yako ya kwanza, miaka uliyokaa na kazi yenyewe, masta huanza kuulizwa huku juu kwenye ukurugenzi, mkurugenzi msaidizi, naibu, na kadhalika. Na soma yale maneno yanayofuata baada ya neno masta, maana huwa wametaja fani. Wakati mwingine wameandika fedha, uchumi, biashara au utawala wa umma, wakati mwingine utawala wa umma haumo kabisa kwenye orodha, na bodi ikikaa kuchuja maombi haina muda wa kukuelewa, inatia alama kwenye kisanduku ama inakuruka. Nimeona mtu mzuri sana wa kazi akirukwa kwa sababu masta yake ilikuwa nje ya zilizotajwa. Huyo angesoma skimu kwanza angechagua kozi nyingine kwa pesa zile zile.

La pili, hizi kozi za Kenya School of Government (KSG), chuo cha serikali cha kufunza watumishi wake, usizidharau. Kuna ile ya mameneja wakuu, wiki 4, na ile ya uongozi wa kimkakati, wiki 6, na skimu nyingi zinazitaka sambamba na masta kwenye grupu za juu. Mtu ana masta lakini hajaenda KSG anakwama vile vile. Nasi hapa tuna bahati, kampasi iko Mombasa na nyingine Matuga ng'ambo ya feri, huna haja kwenda Lower Kabete kule Nairobi.

La tatu, chuo. Usiangalie jina la chuo tu, ingia tovuti ya CUE, ile tume ya elimu ya vyuo vikuu, utafute kozi yenyewe kwenye orodha ya zilizoidhinishwa. Chuo chaweza kuwa na chata, yaani idhini kamili ya kuwa chuo kikuu, na kozi moja bado haijapita. Chuo Kikuu cha Nairobi wana MPA, Kenyatta wana masta ya sera za umma na utawala, na vyote viwili vimekuwa na kampasi hapa Mombasa, lakini si kila kozi hufunguliwa kila kampasi kila muhula, wanangoja wapatikane wanafunzi wa kutosha. Piga simu uulize swali hili hili: mwaka huu darasa litakaa Mombasa ama mtaniunga na la Nairobi kwa intaneti? Upate jibu kwa maandishi kabla ya kulipa. Vyuo vingi wataka digrii ya daraja la pili la juu, ukiwa na la pili la chini wanaangalia miaka yako ya kazi, kwa hivyo usijitoe mapema.

Pweza_wa_Mwembe

Mimi nitasema tofauti na samahani kama nitamvunja mtu moyo. Ndugu yangu ana masta, nzuri kabisa, vyeti vimekaa kwenye bahasha na bado anatafuta. Hizo pesa mtu angenunua kiwanja huko Mtwapa akajenga pole pole. Serikali imejaa watu na mishahara inakula bajeti, nafasi haziongezeki. Fikirieni pia upande huo, watu wanakopa kusoma halafu kazi hakuna.

Kisauni_Kwetu

@Pweza nakuelewa kabisa na sikupingi, unalosema ni kweli na lina uchungu. Kanuni za fedha za 2015 zaweka kikomo mishahara ya kaunti isizidi asilimia 35 ya mapato yake yote, kwa hivyo hata gavana akitaka kuajiri mkono wake umefungwa kiasi. Lakini angalia tofauti, nduguyo anatafuta mlango wa kuingilia, dada huyu yuko ndani tayari. MPA humfaa zaidi mtu aliye na kazi ya umma ama shirika linalofanya kazi na serikali. Kwa kijana ambaye hajaajiriwa kabisa, mimi pia ningemwambia atafute kwanza mwaka mmoja miwili ya kazi, hata kujitolea, ndio arudi darasani.

MwalimuMstaafu

Binti yangu, nimefurahi kwa swali la yule mama wa mboga kuliko hayo mengine yote, na nitaanzia hapo kwa sababu ndilo litakalokuonyesha MPA ni ya nini.

Pesa uliyomkata yule mama, kwa katiba kifungu cha 207, lazima iingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, mfuko mmoja. Ikishaingia hakuna mtu wa kuichota, si gavana si waziri wake, mpaka bunge la kaunti lipitishe sheria ya matumizi na Msimamizi wa Bajeti kule Nairobi aidhinishe itolewe. Ndio maana malipo yako yameingia leo lakini fundi wa bomba haji kesho. Humo ndani inachanganyika na ile sehemu inayotoka serikali kuu, ambayo katiba yasema kaunti zote 47 kwa jumla zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, yakihesabiwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge. Halafu kuna kalenda, na kalenda hii ndio watu wengi hawaijui. Mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha, Februari 28. Makadirio yenyewe, Aprili 30. Mwaka mpya wa fedha waanza Julai 1. Sasa hesabu mwenyewe, maji ya choo cha soko yasipoingia kwenye ule mpango wa Septemba, wananchi wakija Mei kupiga kelele kwenye kikao cha bajeti wamechelewa miezi minane. Hakuna aliyewadanganya, mlango tu ulifungwa wakiwa hawajui kama upo. Ukimweleza yule mama hivyo, na ukamwambia aende na wenzake kabla ya Septemba, umeshafanya kazi ya utawala wa umma hata kabla hujasajiliwa.

Kuhusu MBA. Ni kozi nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini kule kipimo ni faida, mteja asiyelipa unamuacha. Wewe huwezi kuwaacha watu wa Jomvu kwa sababu hawakuletei mapato ya kutosha. Serikalini anayelipa ni mmoja, anayetumia huduma ni mwingine, anayeamua ni wa tatu, na wote wana haki mbele ya sheria. Katiba kifungu cha 232 kimeorodhesha misingi ya utumishi wa umma, weledi, matumizi mazuri ya rasilimali, uwazi, kushirikisha watu katika kutunga sera, na mengine. MPA yakufundisha kuendesha ofisi ukiwa umefungwa na misingi hiyo. Utasoma fedha za umma, sera, usimamizi wa watu, maadili, ugatuzi, mbinu za utafiti na takwimu. Kuna pia masta za sera tupu, hizo zaelekea zaidi kwenye uchambuzi, kupima kama mpango fulani ulifaa ama la. Ukipenda hesabu na uchumi ziangalie. Kwa unavyojieleza, wewe ni wa MPA.

Na nadharia usiziogope. Wanafunzi wangu walikuwa wakinung'unika, "mwalimu huyu Weber Mjerumani alikufa 1920 anatuhusu nini?" Nawaambia fungueni faili yoyote ya ofisi zenu. Kila karatasi ina namba ya folio pembeni juu, barua iliyoingia na iliyotoka zimefuatana, na pale mbele maagizo yana sahihi na tarehe. Hiyo ndiyo hoja yake, kwamba ofisi isimame juu ya kanuni na kumbukumbu zilizoandikwa, isisimame juu ya mtu. Afisa akihamishwa Lamu leo, anayekuja kesho asome faili aendelee. Na pale folio ya 14 inapofuatiwa na ya 16, hapo pana kitu cha kuuliza. Nimekaa serikalini kabla ya kufundisha, na nakwambia wizi mwingi niliouona ulianzia kwenye karatasi moja iliyochomolewa.

Jamaa_wa_Likoni

Mwalimu shikamoo, umenirudisha darasani.

Dada Tudor mimi nimemaliza hii kozi nikiwa kazini kwa hivyo nitakwambia ya thesisi, maana uliyoyasikia ni kweli. Klasi hazikushindi. Ni Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, nyingine siku hizi ni za onlaini, mtu wa kazi anabeba. Unachoka, lakini mko wengi, mnasukumana, kuna makundi ya WhatsApp, kazi za vikundi, mitihani ina tarehe na tarehe inakulazimisha. Shida huanza klasi zikiisha. Hapo hakuna kengele. Hakuna anayekuuliza Jumamosi ulikuwa wapi. Kila mtu anarudi kwenye maisha yake na ile sura ya kwanza inalala kwenye laptopu, ofisini kazi zinazidi, harusi, matanga, mtoto homa, ghafla mwaka umepita na supavaiza hakukumbuki jina. Wengi tulioanza nao wako hapo mpaka leo, na ni watu wenye akili kunishinda.

Kilichosaidia ni mada. Chagua kitu kilicho karibu na kazi yako na kidogo kuliko unavyotaka. Mtu anakuja na "athari za ugatuzi kwa maendeleo ya Pwani", hiyo huimalizi mpaka wajukuu. Mimi nilifanya ushirikishwaji wa umma kwenye bajeti, na si kaunti nzima, wadi mbili tu kati ya 30 tulizonazo Mombasa. Nilikwenda kwenye kikao kimoja cha maoni, ukumbi umejaa, watu wameacha biashara zao, na ule waraka wa bajeti wanagaiwa pale mlangoni wakiingia, mnene, Kiingereza kitupu, meza kwa meza za tarakimu. Kulikuwa na mzee mmoja kaketi mbele yangu na kofia yake ya kito, miwani imefungwa uzi, anapitisha kidole mstari kwa mstari, ukurasa kwa ukurasa, anatafuta jina la mtaa wake tu. Kikao kikaisha hajalipata. Na kwenye ripoti pakaandikwa umma ulishirikishwa, na orodha ya waliohudhuria imebandikwa nyuma, na jina lake limo. Mimi thesisi yangu yote ilitoka pale, kila nilipochoka usiku nilijua naandika juu ya nini.

Sasa ya vitendo. Ukishatetea pendekezo lako chuoni unapata barua, na hiyo unaipeleka NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kuomba kibali cha utafiti, maombi ni ya onlaini. Bila kibali usiguse data. Kisha na kibali chako unaomba ruhusa kwa kaunti na kwa ofisi za serikali kuu za eneo lako. Hojaji ziandike kwa Kiswahili kama unahoji wananchi, uzijaribu kwa watu wachache kwanza uone wanaelewa swali vile unavyolielewa wewe. Kwa maafisa hojaji hazirudi, utaziacha mezani wiki tatu, afadhali uombe dakika ishirini ukae naye uulize mwenyewe. SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, jifunze mapema, usingoje mpaka data iko mkononi ndio utafute wa kukufanyia.

Na kuna wale watu wa kuandikia wenzao thesisi kwa pesa. Utatumiwa namba zao na wanafunzi wenzako bila hata kuuliza. Achana nao kabisa. Siku ya kutetea unakaa peke yako mbele ya jopo, wakuulize kwa nini ulichagua sampuli hii na si ile, na aliyeiandika hayupo. Na hata ukipita, umekosa kile ulichosema unakitaka, kujua.

BintiTudor

Subhanallah, sikutarajia majibu haya. Mwalimu shikamoo na Mungu akuzidishie, ile ya Septemba nimeiandika kwenye daftari na nitawaambia wale kina mama, kwani ni haki yao. @Kisauni nitaitisha skimu, kusema kweli sijapata kuiona hiyo karatasi tangu niajiriwe. Sasa waliobaki nisaidieni upande wa pesa na watoto. Nikienda nje kwa skolashipu je? Ama nikope sako?

UmmuSalma_Bamburi

Habari mdogo wangu. Mimi nimesoma na watoto watatu kwa hivyo hili naliweza.

Pesa kwanza. Masta ya kawaida hapa ni miaka 2 na vyuo vingi wanakubali ulipe kwa muhula, wengine hata kwa awamu ndani ya muhula, uliza ofisi ya fedha moja kwa moja usingoje waseme. HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, watu wengi wadhani ni ya digrii ya kwanza tu, la, wana mikopo ya masta pia na kwa watu walioajiriwa, na makato hutoka kwenye mshahara. Kama bado unalipa ule mkopo wako wa zamani weka hesabu zako sawa nao kwanza ndio uombe. Sako ni sawa kama ni ya kazini na riba yake unaijua, lakini usichukue mkopo wa miaka mitatu minne mkubwa wa fiizi yote siku ya kwanza. Kopa ya mwaka wa kwanza, maliza klasi, ndio uangalie tena. Mikopo ya simu usiiguse kwa jambo hili, zile riba zitakumaliza na utaacha masomo katikati.

Mwajiri naye. Omba udhamini kwa barua kupitia bosi wako kwa kamati ya mafunzo, hata kama wasema hakuna pesa. Wakikulipia kozi ndefu hivi watakusainisha bondi, yani utawatumikia kwa muda fulani ukimaliza ama urudishe pesa, na hilo si baya kama huna mpango wa kutoka. Wasipokulipia, bado omba ruhusa ya kimaandishi kwamba unasoma, ili siku ya mtihani usibembeleze mtu.

Nje ya nchi ziko, na nataka uzijue hata kama hutaenda sasa hivi. Skolashipu ya Chevening ya Uingereza ni masta ya mwaka 1, wanalipa fiizi, tikiti na pesa ya kujikimu, wataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka 2, wanauhesabu kwa masaa, 2,800, na maombi hufunguliwa Agosti. Unachagua kozi tatu. Ukimaliza lazima urudi nyumbani angalau miaka 2. Lakini kwako wewe kuna jambo moja, hawagharamii mume wala watoto, kwa hivyo ni mwaka mzima mbali na wadogo ama ugharamie kuwapeleka mwenyewe. Ujerumani DAAD, shirika lao la skolashipu, wana ule mpango wa Helmut Schmidt hasa kwa sera za umma na utawala bora, nao wanakufundisha Kijerumani kwanza kabla hujaanza. Korea Kusini kupitia KOICA, shirika lao la misaada, huchukua maafisa wa serikali kwa masta za namna hii, hiyo yapitia serikalini, kwa hivyo macho yawe kwenye ubao wa matangazo na sakula zinazoletwa ofisini, nyingi hufika zikafungiwa kwenye faili mpaka tarehe zimepita. Mwombe karani wa masijala akuonyeshe, atakuonyesha.

Watoto. Mimi nilikaa na mume wangu na mamangu tukagawa kazi kabla sijajiandikisha, nani anachukua watoto madrasa, nani anapika Jumamosi, nani yuko usiku wa mtihani. Tuliyasema yote waziwazi. Nilisoma alfajiri baada ya swala mpaka watoto waamke, kwa sababu usiku nilikuwa nalala juu ya kitabu. Ramadhani nilipunguza, nikazidisha baada ya Idi. Usijilinganishe na wenzako ambao hawana watoto, watamaliza mbele yako na hiyo haipunguzi cheti chako. Na kwa vile mume wako ni wa shifti, chukueni ratiba yake ya mwezi muiweke pamoja na ya chuo, kama zinagongana kila Ijumaa tafuta chuo chenye masomo ya onlaini zaidi. Hilo ndilo litakaloamua chuo gani, kuliko jina.

Pweza_wa_Mwembe

Nimesoma yote. @Kisauni umenijibu kwa heshima, nashukuru, nitamwambia ndugu yangu ajaribu hayo mashirika yanayofanya kazi na kaunti. Na mimi ni mfanyabiashara pale Mwembe Tayari nalipa leseni kila mwaka, hii habari ya Hazina ya Mapato ya Kaunti na mpango wa Septemba ndio mara ya kwanza naisikia, na umri wangu si mdogo. Dada soma. Tunahitaji watu wa kaunti wanaoweza kutueleza.

BintiTudor

Amin. Nimezungumza na mume wangu jana na tumekubaliana, mwaka huu naomba nafasi, klasi za onlaini zaidi, nalipa kwa muhula. Mada nayo nadhani nimeipata: mapato yanayokusanywa masokoni na kiasi kinachorudi kutengeneza masoko. @Jamaa_wa_Likoni nauliza, ni kubwa sana? Na nitaruhusiwa kutafiti ofisi ninayofanyia kazi?

Jamaa_wa_Likoni

Mada ni tamu, ipunguze tu. Chukua masoko mawili, miaka mitatu ya fedha, ukaangalie kilichokusanywa, kilichopangwa na kilichotumika. Nusu ya data yako iko wazi tayari, Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti za utekelezaji kila robo mwaka na Mkaguzi Mkuu hutoa za kila kaunti kila mwaka, zote zapatikana onlaini, uzianze hata kabla ya kusajiliwa. Utaona hazishuki mpaka soko moja moja, hapo ndipo utakapohitaji vitabu vya ofisi yenu. Kutafiti ofisi yako waruhusiwa, lakini lazima useme kwenye thesisi kwamba wewe ni mfanyakazi pale, na usitumie data unayoiona kwa sababu ya login yako ya kazi. Iombe kwa barua kama mtu wa nje. Likitoka jambo ambalo mkubwa halipendi, kitakachokulinda ni ile barua na kibali.

Kisauni_Kwetu

Naunga mkono, na barua ya aina yoyote utakayopeleka, ya masomo, ya udhamini, ya data, chapisha mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Skimu ukiipata na ukakwama mahali piga picha ule ukurasa uuweke hapa tuusome pamoja.